Taa Baadaye, Pawasaplai Kwanza

Nilipoacha chuo, mamangu alinipa pesa zake za mchezo nijenge kompyuta. Mimi huyo, kadi ya grafiki na keisi ya taa. Pawasaplai nikaokota ya bei ya chini. Usiku mmoja stima ya Majengo ikapotea, ikarudi kwa nguvu. Pawasaplai ikaungua, ikafa na madabodi.

Wadau, mfuko mdogo? Chukua kompyuta ya ofisi iliyotumika, uiongeze SSD na RAM. Wa kati? Prosesa ya Intel iwe kizazi cha 8 kwenda juu, Windows 11 ndiyo inavyotaka. Mkubwa? Pawasaplai nzuri kwanza, kadi baadaye.

Mamangu hakunigombeza. Aliingia mchezo mwingine tu. Hilo ndilo liliniuma.