Neno Nililolimeza

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii tumeichambua mara nyingi darasani, na kila mara lawama humwangukia mgonjwa. Mimi nimejifunza kuwa maradhi yaweza kufichwa na mtu asiyeyaugua, na kwamba kifaa cha kuyafichia chaweza kuwa lugha yenyewe. Mfichaji ninayemzungumzia ni mimi.

Mwaka wa 2017, mjomba wangu alikuwa mchinjaji wa mbuzi katika mtaa wa Kiamaiko, jirani na Huruma, ambako malori yalishusha mbuzi kutoka Moyale na Marsabit kabla ya mapambazuko. Siku moja alinionyesha tezi iliyomvimba shingoni, upande wa kushoto. Haikuwa na maumivu. Baadaye ikachomoza nyingine kwapani. Zahanati tuliyoiendea kwanza ilimwanzishia dawa za kifua kikuu. Kosa hilo si la ajabu, kwani kuvimba tezi, homa, kutoka jasho usiku na kukonda ni dalili za maradhi yote mawili, na kifua kikuu kimeenea sana katika mitaa yetu. Miezi miwili ikapita, tezi zikakataa kunywea. Ndipo tulipotumwa hospitali kubwa, tezi moja ikakatwa na kupelekwa maabara. Jibu likaja: limfoma ya Hodgkin, yaani saratani ya tezi za limfu, hatua ya pili.

Hatua hizo ni nne, na mpangilio wake ulikubaliwa na wataalamu huko Ann Arbor, Marekani, mwaka wa 1971. Katika hatua ya kwanza ugonjwa umo katika kundi moja la tezi. Katika ya pili umo katika makundi mawili au zaidi, lakini yote yako upande mmoja wa kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo. Katika ya tatu umeshika pande zote mbili, na katika ya nne umeenea hadi kwenye viungo kama vile ini au uboho. Hatua mbili za mwanzo ndizo zinazoitwa za mapema.

Daktari alieleza kwa Kiingereza, kwa utulivu. Mgonjwa angetundikiwa dawa nne mshipani kila baada ya wiki mbili kwa miezi kadhaa, kisha pengine apigwe mionzi. Penye tiba kamili, alisema, wagonjwa wapatao tisa katika kila kumi wa hatua za mapema hupona. Kisha akanigeukia: "Mfasirie mjomba wako."

Nilifungua kinywa. Neno "saratani" likanifika ulimini, likakwama. Mtaani kwetu neno hilo hunong'onwa tu, kana kwamba ni jina jingine la mauti. Nikalimeza. "Mjomba," nikasema, "ni uvimbe tu. Utatiwa dawa, utakwisha."

Hofu yangu haikuwa na msingi hata katika historia ya kanda yetu. Mwaka wa 1957, Denis Burkitt, daktari mpasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, alianza kuchunguza uvimbe uliokuwa ukiharibu taya za watoto. Ugonjwa huo ni aina nyingine ya limfoma, na leo unaitwa kwa jina lake. Katika miaka ya 1960, yeye huko Kampala na Peter Clifford hapa Nairobi waliwatibu watoto hao kwa dawa, na baadhi yao wakapona kabisa, wakati ambapo wengi duniani hawakuamini kuwa saratani yaweza kuponywa kwa dawa pekee. Habari hizo sikuzijua, nami sikuuliza.

Mjomba alitundikiwa dawa mara nne. Nywele zikapukutika, chakula kikamchefua, lakini uvimbe ukatoweka. Siku ya kurudi hospitali ilipowadia, akachukua kisu chake akaenda kazini.

"Uliniambia ni uvimbe, mpwa wangu," alinijibu nilipomsihi. "Uvimbe haupo. Nirudi kutibiwa nini?"

Sikuwa na jibu. Hoja yake ilikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyempa msingi wa uongo wa kuijenga. Uvimbe unapotoweka, chembe za ugonjwa zisizoonekana kwa macho zaweza kusalia, na tiba ikikatizwa huzaana upya, pengine zikiwa sugu kuliko awali.

Wiki tano zilipita. Asubuhi moja nilimfuata machinjioni, nikamkuta mkaguzi wa nyama akipasua tezi za mzoga uliotundikwa, kabla ya kuupiga muhuri.

"Mjomba," nikauliza, "mbona anakata tezi ilhali nyama yaonekana safi?"

"Ugonjwa hujificha tezini," akasema. "Nyama yaweza kung'aa na tezi ikawa imeharibika."

"Basi yako nayo ilikatwa. Kilichoonekana humo ni saratani. Nilikuficha."

Alinyamaza, akaufuta upanga wa kisu chake pole pole. Kisha akauliza imefika wapi. Nikamwambia shingoni na kwapani, nayo haikuwa imevuka kiwambo. Akanyoosha kidole ndani ya mzoga ulio wazi, akakigusa kiwambo chenyewe.

"Haijavuka hapa?"

"Ilipopimwa, ilikuwa haijavuka."

"Ungeniambia hivyo siku ile," akasema, akavua aproni.

Alipimwa upya, akarejeshwa katika tiba, akamaliza dawa zote pamoja na mionzi mwaka wa 2018. Yu hai, na kila anapokwenda kupimwa ugonjwa hauonekani. Hata hivyo, wiki zile tano zilikuwa zake, nami nilizichezea bila kumwomba ruhusa.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili hulalamika kuwa lugha yetu ina upungufu wa istilahi za tiba. Huenda ni kweli kwingineko. Lakini siku ile neno lilikuwepo, limo kamusini na limo kinywani mwangu. Na maelezo yake mjomba alikuwa nayo tangu ujana wake, machinjioni. Kilichopungua ni ujasiri wa mfasiri.