Sentimita 33

Samaki wa mapambo anauzwa akiwa mtoto. Hilo lijue kwanza, ndugu msomaji, kabla hujatoa hata senti mfukoni. Yule chewa mwekundu mwenye madoa ya buluu unayemwona anazunguka ndani ya mfuko wa nailoni, urefu wa kidole chako cha kati, siku moja atapita sentimita 40. Muuzaji hakwambii. Si kwamba anakudanganya. Hujamuuliza, naye ana kodi ya kulipa.

Nyumbani kwetu Magomeni tunaishi chumba na sebule: mimi, mdogo wangu, dada yetu na mwanawe wa miaka minne. Tangi la kioo alituachia mjomba alipohamia Tanga. Urefu sentimita 122, kwenda juu 53, upana 33. Ukilijaza linameza lita 200 na ushee, na uzito wa maji peke yake unapita kilo 200, mawe na kioo hujahesabu. Washikaji wakiingia wanashangaa ule urefu. Mimi nilikuwa naangalia upana.

Kwani samaki haendi mbele tu, bwana. Lazima ageuke. Mweke samaki wa sentimita 45 kwenye upana wa 33 na umemlaza mtu mzima kwenye kitanda cha mtoto. Atageuka, ndiyo, kwa kujikunja, mara mia kwa siku, miaka yote atakayoishi.

Mdogo wangu alitaka chewa. Hataki kusikia mwingine. Nikamweleza habari za upana, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kaka, sisi kila kitu chetu ni saizi ndogo. Chumba kidogo, hela ndogo, tivii ndogo. Hata samaki?"

Nilinyamaza. Huyu kijana ni konda. Anashinda kwenye mlango wa daladala akitukanwa na watu asiowajua, na jioni anataka kukaa mbele ya kitu chenye meno ambacho ni chake. Na nusu ya pesa ya samaki ilikuwa yake, shilingi kwa shilingi, ndani ya kopo la maziwa. Utamwambiaje mtu wa namna hiyo eti apunguze tamaa?

Sikumwambia. Jumamosi alfajiri nilimchukua tukaenda Feri, nimebeba futikamba ya fundi cherehani.

Nakushauri uende na wewe. Vitabu vitakupa tarakimu, lakini Feri utamkuta mwenyewe amelala juu ya saruji. Tulimpata chewa yule yule, mwekundu, madoa ya buluu yameanza kufifia. Nikanyoosha futikamba: 41. Muuzaji akacheka, "Vipi, unampimia suti?" Mdogo wangu akamfungua mdomo, akaingiza ngumi. Ikaingia. Pembeni wanaume wawili walikuwa wamembeba chewa mwingine wa kijivu, mrefu kama mwana wa dada yetu. Hao wa kijivu wapo aina nyingi, na mkubwa kuliko wote hupita mita 2. Mdogo wangu alimtazama mpaka alipopotea kwenye umati. Hakusema kitu. Tukanywa chai, tukarudi.

Baada ya hapo tuliongea kama watu wanaotafuta jambo moja. Kikande? Wengine wanakua wakubwa mno, na meno yale ya kuvunjia kaa yatatafuna hata mpira wa pampu. Mkunga? Hapa kipimo kinabadilika: mkunga mwembamba anaweza kuwa mrefu kuliko upana wa tangi na asipate shida, maana anajikunja mwenyewe kwenye mawe. Shida yake ni mfuniko. Akipata upenyo anatoka, asubuhi unamkuta sakafuni amekauka. Na sisi tuna mtoto anayefungua kila kinachofungika.

Mtoto huyo huyo ndiye aliyemwondoa samaki-simba, yule mwenye mapezi marefu kama manyoya ya jogoo. Wapo wadogo wa jamii yake, wasiozidi sentimita 17 au 18, wanaotosha kabisa kwenye tangi letu. Lakini miiba ya mgongoni ina sumu. Haikuui kwa kawaida, ila maumivu yake si ya kumpa mtoto wa miaka minne. Wale wakubwa ndio waliotupwa baharini kule Florida, inavyoaminika na wafugaji waliochoka nao. Wa kwanza alionekana mwaka 1985, na leo wamejaa Karibea nzima wakila watoto wa samaki wengine. Ndo maana nasema uamuzi ufanyike dukani. Ukishamfikisha nyumbani, umechelewa.

Kuna jambo la uchafu pia, nalo halionekani kwa macho. Samaki mla nyama anatoa amonia nyingi, na kadiri mwili unavyokua ndivyo anavyotoa zaidi. Kwenye tangi, bakteria ndio wanaoigeuza isiwaue, nao wanahitaji wiki kadhaa kuota kwenye mawe kabla hujaweka samaki. Tulisubiri wiki 6, tukibeba maji kwa madumu kwenye bajaji, yakijaa, mbali na bandari. Na umeme ukikatika usiku, hewa ndani ya maji inagombaniwa. Mwili mkubwa ndio unaoanza kukosa.

Tuliyemchagua anaitwa kitaalamu Calloplesiops altivelis. Hapa nyumbani ni Nyota: mweusi, vidoti vyeupe mwili mzima, mapezi kama kanga iliyotandazwa. Haendi zaidi ya sentimita 20, na anapatikana pwani yetu hii hii. Mla nyama kamili, kamba mdogo akikatiza mbele yake hamalizi safari. Ila mchana anajificha. Wiki ya kwanza mdogo wangu alinilaumu kwamba tumenunua tangi la mawe.

Mpaka mtoto alipogonga kioo. Nyota akaingiza kichwa pangoni, akaacha mkia nje, akautandaza. Nyuma ya pezi la mgongo ana doa kama jicho. Pamoja na vile vidoti, mkia mzima ukawa kichwa cha mkunga anayechungulia, aina ile yenye madoadoa ambayo samaki wengine wanaikimbia. Mdogo wangu alirudi nyuma hatua moja. Mtu mzima, konda wa daladala, amerudishwa nyuma na mkia.

Siku hizi makonda wenzake wanakuja jioni, wanaona mawe, wanaanza kumcheka. Anawaambia wakae. Inapokaribia saa moja anazima taa ya sebule yeye mwenyewe, anashika kamba kwenye ncha ya kijiti, na hataki mtu aongee.