Msiniambie Nisiwaze, Nipeni Ukindu

Mimi ni mjane, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Ifakara. Nimewafundisha watoto kuhesabu kwa miaka mingi, na uzeeni hesabu hiyohiyo ndiyo iliyonirudishia usingizi, ila safari hii nilihesabu chane za ukindu. Natoa ushuhuda huu kwa sababu katika bonde letu la Kilombero wapo wengi waliopatwa na misiba miwili, mitatu kwa mpigo, na kila siku wanaambiwa yaleyale niliyoambiwa mimi: jikaze, usiwaze, mwachie Mungu. Waliosema walinipenda, lakini maneno yao hayakunifikisha asubuhi.

Mume wangu alikuwa mtu wa reli. Aliingia TAZARA akiwa kijana, akafanya kazi Mlimba, kisha akahamia stesheni ya Ifakara hadi alipostaafu. Reli ile ya kilomita 1,860, iliyojengwa kwa msaada wa Wachina kati ya 1970 na 1975 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, ndiyo iliyotulisha na kuwasomesha watoto wetu. Hata baada ya kustaafu, honi ikilia usiku alikuwa anajigeuza kitandani na kusema, "Hiyo ya mizigo, imechelewa," kisha analala. Alifariki mwishoni mwa 2023. Ndugu walikuja kutoka Mahenge, Malinyi na Mang'ula, tukakaa matanga, tukayaanua, nao wakarudi kwenye mashamba yao kwa kuwa mvua zilikuwa zimeanza. Mimi nikabaki na mjukuu mmoja na honi za usiku. Kila ilipolia niliamka, nikawa nasubiri mtu aniambie ni treni gani.

Mvua zile hazikukoma. Mto Lumemo unateremka kutoka Milima ya Udzungwa, unapita kando ya mji wetu kwenda kukutana na Kilombero, kwa hiyo ikinyesha sana milimani, sisi wa tambarare ndio tunaoyapokea maji. Katika masika ya 2024 bonde zima lilijaa. Kwangu maji yaliingia usiku. Tuliwahi kutoa godoro moja, bahasha ya vyeti na picha ya harusi. Magunia ya mpunga niliyoweka akiba yalilowa, yakapata joto, na siku chache baadaye mpunga ukaanza kuota humohumo ndani ya gunia. Hakufa mtu nyumbani kwangu, na kwa hilo nashukuru. Nikahamia kwa mwanangu, Kibaoni.

Hapo ndipo ugonjwa ulipoanza, ingawa wakati ule sikuuita ugonjwa. Usingizi ulikatika. Chakula kilikosa ladha. Nilishika mwiko nikasahau ninapika nini. Mimi ni Mkatoliki tangu utotoni, lakini nikishika rozari, nikifika punje ya tatu nilikuwa nimeshapotea, naona gunia linaota majani. Wanajumuiya walikuja kunisalimia kwa wema wote. Tatizo ni kwamba mtu akikutazama machoni na kukuuliza unaendeleaje, inakubidi uutengeneze uso kabla ya kumjibu. Nilichoka kuutengeneza uso. Ikawa nikisikia hodi naingia chumbani.

Nilikwenda hospitali. Daktari alinipima, akakuta presha iko juu, akaniuliza kwa upole kuhusu usingizi na huzuni, akaniandikia dawa na tarehe ya kurudi. Nalisema hili mapema ili asije mtu akaacha vidonge kwa sababu ya mkeka. Dawa nilitumia na bado natumia. Lakini daktari mwenyewe aliniambia kwamba kidonge hakiwezi kuujaza mchana wangu, na mchana ulikuwa mrefu.

Mwanangu akanipeleka Lupiro, ng'ambo ya Mto Kilombero, kwa shangazi yangu. Zamani safari hiyo ilikuwa ya kusubiri kivuko. Tangu 2018 tuna Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, juu ya Kilombero. Nilivuka nikiyatazama maji yaliyokula mpunga wangu, na sikuhisi chochote, hata hasira. Nadhani hilo ndilo lililomtia mwanangu hofu zaidi.

Shangazi ni Mpogoro wa zamani, amepita miaka themanini. Alikuwa ameketi kwenye jamvi chini ya mwembe, miguu ameinyoosha, anasuka ukili.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Hakuniuliza naendeleaje. Alinisogezea mganda wa ukindu mkavu na kisu kidogo. "Nichanie huu. Macho yangu siku hizi hayaoni." Nikachana mpaka jua likazama. Baadaye, wiki ileile, nilimwona akitunga uzi kwenye tundu la sindano bila msaada wa mtu. Sikumwuliza.

Kwa wasioijua kazi hii, nieleze kidogo. Ukindu hutokana na mkindu, mti wa jamii ya mtende unaopenda sehemu zenye majimaji, na bonde letu ni nyumbani kwake. Hukatwa jani changa la katikati ambalo halijafunguka. Shangazi ana amri kwamba shina moja usilimalize, liachie majani ya kuishi. Majani huanikwa mpaka yageuke meupe, na masika ni taabu, kwani yakikosa jua yanaota madoa ya ukungu. Yakishakauka huchanwa yawe chane zenye upana sawa. Zinazotakiwa rangi huchemshwa kwenye sufuria na rangi ya unga, nyekundu au zambarau. Kabla ya kusuka hunyunyiziwa maji, maana chane kavu hukatika; ndiyo sababu shangazi husuka asubuhi na mapema na jioni, na saa sita mchana anauacha ukindu upumzike. Chane husukwa ziwe ukili, utepe mrefu wenye upana wa vidole vichache. Ukili ukishakuwa mrefu wa kutosha hushonwa kwa sindano, ubavu kwa ubavu, ndipo unapopatikana mkeka.

Ukili wangu wa kwanza ulikuwa wa chane kumi na tatu. Mbili juu, mbili chini, ingiza ya pembeni, geuza. Ukipitiwa, ukili wenyewe unakuonyesha: mstari mwekundu uliokuwa ukienda mshazari unakatika. Unafumua mpaka pale, unaanza tena, na hakuna anayekukaripia. Katika miezi ile hicho kilikuwa kitu pekee maishani mwangu kilichoweza kufumuliwa na kurudiwa.

Nilichokigundua kwanza ni kwamba kichwa changu hakikuweza kuhesabu chane na kuhesabu hasara kwa wakati mmoja. Mawazo hayakuondoka. Yalikuja kama kawaida, lakini yalilazimika kusubiri mwisho wa mstari, na mengine yalichoka kusubiri. Nilipoambiwa nisiwaze, niliwaza zaidi, kwa sababu kujizuia kuwaza nako ni kuwaza. Shangazi hakunikataza kitu. Alinipa tu jambo dogo la kutangulia.

La pili lilikuwa kipimo. Ukili hupimwa kwa pima, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Mkeka wa kulalia unakula pima nyingi, na nilipouliza zingine zote tutazimaliza lini, shangazi alisema, "Leo tafuta moja." Mfiwa huamka na mwaka mzima mbele yake: Pasaka bila yeye, mavuno bila yeye, Krismasi bila yeye. Pima moja haiogopeshi. Jioni ukiizungusha na kuifunga, unajua siku haikupita bure, hata kama hukula vizuri.

La tatu ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote. Wasukaji hawatazamani. Macho yako kwenye vidole, masikio yako wazi. Jioni moja nilijikuta nimeshamweleza shangazi habari za honi, jambo ambalo sikuwa nimemwambia padri wala mwanangu. Hakuinua kichwa. Alivuta chane yake, akasema, "Mimi marehemu wangu nilikuwa namsikia anakohoa uani. Muda mrefu tu. Nikawa nachungulia." Basi. Akaendelea kusuka, nami nikaendelea, na machozi yangu yakaanguka kwenye ukindu ambao kwa vyovyote ulihitaji maji. Tukacheka wote wawili.

Ndipo aliponisimulia alivyojifunza. Alipokuwa msichana, familia zilihamia mashambani msimu wa mpunga na kuishi kwenye madungu, vibanda vya juu ya nguzo, kulinda shamba. Mchana walifukuza kwelea, usiku walipiga madebe kuwatisha nguruwe pori. Mama yake aliwapa watoto ukindu mweupe usio na rangi, wasuke kwa kupapasa katika giza, ili wasisinzie na wasiogope. Kumbe kazi hii nilifundishwa na mtu aliyefundishwa kwa ajili ya usiku. Niliporudi Ifakara niliweka mganda chini ya kitanda. Honi ikilia, nanyoosha mkono, nasuka gizani kwa vidole mpaka usingizi unirudie. Na nilipozoea, siku moja nilishika rozari nikaimaliza yote.

Sasa kibarazani kwangu tunakutana wanawake kadhaa. Yupo mjane mwenzangu, yupo mama anayemuuguza kijana wake, wapo waliobomokewa nyumba na mafuriko. Si wote wanaosuka ukili. Mmoja anafuma vitambaa vya makochi kwa sindano ya kulabu. Mwingine, ambaye khanga na vitenge vyake viliharibiwa na tope, alikata sehemu zilizobaki nzima, akaongezea vipande anavyookota kwa fundi cherehani, na anashona mashuka ya viraka. Ameshapanga lipi la mkwe na lipi la mjukuu. Na mji wetu una mafundi wakubwa kuliko sisi: wanawake wa Ifakara Women Weavers Association wanaofuma nguo za pamba kwa mikono, mtande na mshindio, uzi juu ya uzi. Ukiwaona kazini utaelewa ninachosema kuhusu mikono na akili.

Kwa kuwa ni mwalimu, nilitaka kujua kama ni sisi tu. Nikasoma kwamba huko Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango unaoitwa Friendship Bench: mabibi wa mtaani hufunzwa, kisha hukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kumsikiliza mtu aliyeelemewa na mawazo. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba waliopitia benchi lile walipungukiwa na dalili kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wanawake wanaomaliza hukaribishwa kwenye vikundi, na humo wanazungumza huku wakifuma mikoba kwa plastiki iliyokwisha kutumika. Nilicheka niliposoma hayo. Nilimwona shangazi yangu pale. Uingereza nako, mwaka 2013, ulichapishwa utafiti uliowahoji wafumaji zaidi ya 3,500 wa nchi mbalimbali, na waliofuma mara nyingi zaidi ndio waliosema wanapata utulivu zaidi. Hao ni watu waliopenda kujibu, kwa hiyo nisidai kwamba jambo limethibitishwa kwa kila mtu. Lakini wanachokisema nakifahamu.

Nisiwadanganye kuhusu yasiyobadilika. Mume wangu hakurudi. Nyumba bado ina alama ya maji ukutani, na kila mawingu yakikaa juu ya Udzungwa tumbo linanikaza. Fedha nayo ni kidogo: mkeka wa plastiki wa dukani ni rahisi na haukai mikononi mwa fundi wiki nzima, kwa hiyo wetu hununuliwa na anayejua thamani yake. Mwenzetu mmoja alipokea oda nyingi za harusi kwa pamoja, akakesha, akagombana na wateja, na kazi iliyomtuliza ikamrudishia presha. Tangu hapo tumekubaliana: kibarazani husukwa cha kupumua kwanza, cha kuuza baadaye.

Ninamshukuru Mungu, aliyemtumia bibi mwenye macho mazuri kujifanya haoni. Na kwako unayesoma nina maneno machache ya kazi. Kama ni wewe uliyefiwa, nenda hospitali ukapimwe, kunywa dawa ulizopewa, kisha tafuta kitu cha kushika mkononi: ukindu, uzi, viraka, chochote kinachohitaji kuhesabiwa. Anza na kipande kidogo. Usisuke peke yako kila siku. Na kama ni jirani yako ndiye aliyefiwa, subiri matanga yaanuliwe na wageni waondoke, kisha nenda na mganda wa ukindu chini ya kwapa. Usimwulize anaendeleaje. Mwambie akuchanie, kaa ubavuni pake, tazama mikono yako mwenyewe, na rudi tena kesho.