Mkono Unaotoka Juu

Kwetu Muheza nyoka aliyeingia ndani alitoka kwa fimbo, kichwa kimepondwa, majirani wamejaa mlangoni. Kwa hiyo mwanangu alipoleta mmoja kwenye nyumba yetu ya kupanga Columbus, Ohio, ndani ya kikopo cha plastiki chenye matundu, nilimuuliza kama ana akili timamu.

"Hana sumu, baba," akanijibu. Kana kwamba nimeuliza habari ya sumu.

Alikuwa wa aina ambayo Wamarekani huiita nyoka wa mahindi, asili yake kusini-mashariki mwa nchi yao. Rangi ya matofali, urefu kama rula ya shule, wembamba wa penseli. Na hasira zake! Ukisogea tu, anajipinda shingo, anatetemesha mkia ndani ya maranda mpaka yanachakarika, kisha anarusha kichwa. Siku niliyothubutu kumshika aliniuma kidole na kunitolea uvundo. Maumivu hayakufika robo ya mwiba wa mkonge. Kilichobaki ni aibu ya ukelele nilioupiga.

Nilijiona mstaarabu kwa kumwendea taratibu, nikinyata, mkono ukining'inia juu ya tangi. Ilinichukua wiki kadhaa kung'amua: nani mwingine humnyatia kinda la nyoka kutoka juu, kama si mwewe?

Mwanangu alikuwa na masharti yake. Nyoka mgeni aachwe wiki nzima, ale kwanza, awe na maficho mawili. Akila, asiguswe siku 2, la sivyo hutapika. Mikono ioshwe, isinuke panya. Hayo yalikuwa mepesi. Gumu lilikuwa kuingiza mkono kwa ubavuni, chini, bila kusitasita, na kumnyanyua kwa tumbo pasipo kumbana. Akitaka kwenda aende, mkono wa pili umpokee. Na akiuma, usimrudishe papo hapo, maana atajifunza kwamba kuuma ndiko kunakompeleka nyumbani. Dakika 5 tu, tukaongeza kidogo kidogo.

Mkia ndio uliotulia kwanza. Halafu ulimi ukaanza kutoka na kuingia, unanusa kiganja changu. Mara moja alirudia ukorofi wote, nikakata tamaa; kumbe macho yalikuwa yamefanya ukungu wa samawati, anakaribia kujivua gamba na haoni vizuri. Tukamwacha mpaka alipomaliza.

Sasa amepita mita 1. Jumapili moja alikuwa amejituliza mabegani mwangu mama alipopiga simu kutoka Muheza. Najua nyoka hana masikio ya nje, lakini nikajikuta nazungumza chinichini.

"Mbona wanong'ona, mwanangu? Kuna mgonjwa?"

"Hakuna, mama."

"Na hicho shingoni ni nini?"

Nilikuwa nimesahau kwamba simu ni ya picha.

"Skafu, mama. Huku kuna baridi."

Skafu ikatoa ulimi.