Mishale Miwili ya Land Rover

Mtu asiyeifahamu Kangeta hudhani kuwa mji huo huishi kwa miraa. La hasha, huishi kwa saa. Miraa ikishachumwa huanza kupoteza nguvu, na baada ya siku mbili hivi mtafunaji hana haja nayo tena. Ndiyo maana vifurushi huvikwa majani ya migomba, na pikapu zinazoelekea Nairobi hutoka Igembe kwa kasi ya kuogofya. Soko la Uingereza lilipofungwa mwaka 2014, na lile la Somalia liliposimama toka 2020 hadi 2022, bei zilitetereka, ila saa haikumhurumia mtu. Achelewaye sokoni huuza kwa bei ya aliyechelewa.

Humo ndimo anamoishi mwalimu mmoja mstaafu, mwenye shamba dogo la miraa kwenye miteremko ya Nyambene na Land Rover Series III ya petroli. Aina hiyo iliundwa baina ya 1971 na 1985, na baadhi yake ziliunganishwa papa hapa nchini, katika kiwanda cha Leyland Kenya mjini Thika. Vijana humcheka kwa kuling'ang'ania gari hilo. Yeye huwajibu kwamba masika ikija, barabara za udongo ndizo zitakazoamua nani acheke.

Msiba ulianzia kwenye mshale wa joto. Kila alipoupanda mlima akiwa na mzigo, mshale ulipanda hadi kwenye alama nyekundu. Mwanzoni Mwalimu alisimama, akazima injini, akangoja. Alifanya vyema, kwani rejeta yenye moto haifunguliwi. Maji yaliyo chini ya kani huruka na kumbabua mtu uso. Lakini kila alipongoja hakuona mvuke, hakusikia maji yakitokota, wala hakunusa harufu yoyote. Siku mbili alifika sokoni wachuuzi wakikunja magunia. Siku ya tatu aliupuuza mshale akaendelea na safari, na hakuna kilichoharibika.

Hapo ndipo hatari ilipozaliwa. Kipimo kinachopiga kelele bure humzoeza dereva kutosikia, na siku maji yatakapovuja kwa kweli, kichwa cha injini kitapinda na gasketi kuungua huku mwenye gari akitabasamu. Isitoshe, yako maovu ya upande wa pili. Maji yakipungua mno, kitambuzi cha joto hubaki kikining'inia katika hewa, na mshale ukashuka ilhali injini inaungua. Kwa hiyo swali halikuwa tu iwapo mshale ulisema uongo, bali ulisema uongo wa namna gani.

Fundi wa kwanza hakujisumbua na swali hilo. Alishauri rejeta mpya. Wa pili alishauri kichwa cha injini kifunguliwe na kusawazishwa, kazi ambayo ingemeza mapato ya msimu mzima. (Inashangaza jinsi mafundi wengi wanavyoanza na kilicho ghali.)

Wa tatu, kijana aliyesomea umeme wa magari, aliuliza jambo moja.

"Mwalimu, mshale wa petroli nao unasemaje?"

"Huo hauna neno, kijana wangu. Tangu mwezi jana gari limekuwa halinywi mafuta kabisa."

Kijana akacheka kwa adabu. Katika gari hilo mishale miwili, wa joto na wa petroli, hulishwa na kijisanduku kimoja kidogo nyuma ya dashibodi. Ndani yake mna ukanda wa metali mbili uliozungushiwa waya. Waya ukipata moto ukanda hupinda na kukata umeme. Ukipoa hurudi na kuuruhusu tena. Kwa kukata na kuruhusu huko, volti 12 za betri, ambazo hufika 14 injini ikiunguruma, hupunguzwa zikawa kama 10 kwa wastani. Lakini kijisanduku chenyewe sharti kiguse bodi ya gari ili umeme upate njia ya kurudi. Kikikosa mguso huo, waya haupati moto, ukanda haukati kitu, na mishale yote miwili hupokea umeme uliozidi. Yote miwili hutia chumvi. Mmoja ulimtia Mwalimu hofu, akauita mbovu. Wa pili ulimletea habari njema, naye hakuushuku.

Kutu ilikuwa imekula mahali pa skrubu. Kijana alipakwangua pakang'aa, akakaza, akaongeza waya mfupi hadi kwenye bodi. Kisha akajaribu upande wa pili wa njia. Alichomoa waya wa kitambuzi, mshale ukaanguka kwenye baridi. Akaugusisha kwenye chuma cha injini kwa nukta chache, ukapanda hadi mwisho. Waya ulikuwa mzima. Kitambuzi chenyewe alikitia katika sufuria ya maji juu ya jiko, pamoja na kipimajoto, akapima ukinzani wake: maji yakipata moto ukinzani ulishuka, kama inavyopasa.

Walipowasha injini, mshale ulilala chini kabisa. Mwalimu alidhani wametoka kwenye uongo mmoja na kuingia mwingine, lakini safari hii mshale ulisema kweli. Zamani fundi fulani alikuwa ameing'oa thamostati, kama wafanyavyo wengi wakidhani wanaiokoa injini na joto. Bila kizuizi hicho maji huzunguka tangu mwanzo, na katika asubuhi za baridi za Nyambene injini haifikii joto lake la kazi, nyuzi 80 hivi. Hula petroli zaidi na kuchakaa upesi. Umeme uliozidi ulikuwa umelificha kosa hilo.

Thamostati ilipatikana Maua. Mlimani, gari likiwa na mzigo, mshale ulipanda polepole ukatua katikati. Ule wa petroli ulisimama chini ya robo, na ikambidi Mwalimu apitie kituo cha mafuta kabla ya kwenda sokoni.