Zabibu Kando ya Mji Mkuu

Wengi wetu tunaoishi Washington na vitongoji vyake tunaijua barabara namba 7 mpaka Leesburg, kwenye yale maduka ya nguo za bei ya punguzo. Wachache huendelea mbele. Ukiendelea kama robo saa hivi, nyumba zinapungua, vilima vinaanza kuinuka kuelekea safu ya Blue Ridge, na mizabibu inaonekana ubavuni mwa vilima, mistari kwa mistari. Hapo ndipo ulipo mji wa Purcellville, jimbo la Virginia, maili 50 hivi kutoka Washington. Sensa ya mwaka 2020 iliukuta na watu wasiofika 9,000. Mtu wa Dodoma kama mimi hahitaji kuelezwa mji huo ni wa namna gani: ni mji wa mnada, mahali ambapo watu wa mashambani huteremka na mazao yao na kurudi na mahitaji ya nyumbani.

Mji huu ulikuzwa na reli. Treni ilifika mwaka 1874, na kwa miaka mingi ilibeba maziwa na nafaka za wakulima wa vilimani kuzipeleka kwenye miji mikubwa. Reli ilifungwa mwaka 1968. Njia yake leo ni ya waenda kwa miguu na baiskeli, maili 45 kutoka upande wa Arlington, nayo huishia Purcellville, kwenye kituo cha zamani cha treni. Kinu cha kusafishia mbegu kilichokuwa kando ya reli kiligeuzwa mkahawa. Mji ulioondokewa na treni ungeweza kufa, kama ilivyokufa miji mingi ya aina yake. Haukufa, na sababu mojawapo ni zabibu.

Najua baadhi ya wasomaji wetu hawanywi kilevi, nami siandiki kukisifia. Hata Purcellville yenyewe ina historia hiyo. Moja ya majengo yake mashuhuri ni ukumbi mkubwa wa mbao uliojengwa mwaka 1903 na chama cha watu wa dini waliopinga pombe. Walikusanyika hapo kiangazi, wakahubiriwa na kuimba. Na watu weusi wa wilaya hii ya Loudoun walikuwa na mkusanyiko wao. Chama chao cha kuadhimisha kukombolewa kutoka utumwani kilianzishwa mji wa jirani wa Hamilton mwaka 1890, kikahamia kwenye viwanja vyake Purcellville mwaka 1910, na kila tarehe 22 Septemba watu walifika kwa magari ya farasi na kwa treni. Sherehe hizo ziliendelea mpaka 1967. Nalitaja hilo kwa sababu tukipita kule tusijione wageni kupita kiasi. Walikuwapo wenzetu waliojua mapema kwamba jamii isiyo na ardhi yake hukutana kwa hisani ya wengine.

Tuje kwenye zabibu. Virginia si mahali rahisi kwa zao hili. Thomas Jefferson, Rais wa 3 wa Marekani, aliagiza mizabibu ya Ulaya akaipanda shambani kwake Monticello, lakini hakufanikiwa kupata mvinyo wa maana. Kazi yangu ni uhandisi wa maji, kwa hiyo nikitazama mashamba haya naona kwanza maji. Mvua hapa hupita milimita 1,000 kwa mwaka, na kiangazi hewa ni ya fukuto linaloleta ukungu kwenye vichala. Ndiyo maana mizabibu hupandwa kwenye mteremko: maji yashuke, yasituame kwenye mizizi. Hewa ya baridi nayo hushuka kama maji. Usiku wa masika ikitanda bondeni huunguza machipukizi, na shamba la juu husalimika. Mzabibu wa hapa hulala majira ya baridi na kuvunwa mara moja tu kwa mwaka.

Kwetu Dodoma mambo ni kinyume. Mvua ni milimita 600 au pungufu, yote ndani ya miezi michache, kisha ukame. Wamisionari wa Bihawana ndio walioleta mizabibu katika miaka ya 1950, na ikaipenda nchi ile kavu. Kwa kuwa hakuna baridi ya kuulaza, mzabibu ukipogolewa vizuri na kumwagiliwa huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mkulima wa Loudoun akisikia hivyo hudhani namtania.

Sasa jiulize, ndugu msomaji: kama sisi tunavuna mara mbili na wao mara moja, kwa nini mkulima wao amejenga na wetu anang'oa mizabibu?

Jibu haliko kwenye udongo. Mwaka 1980 Virginia ilipitisha sheria ya viwanda vya mvinyo vya shambani. Mkulima akaruhusiwa kukamua zabibu zake na kuuza mvinyo papo hapo shambani, mradi sehemu kubwa ya zabibu iwe ya jimbo hilo. Wakati ule viwanda vya namna hiyo jimboni havikufika kumi. Leo vimepita 300, na Loudoun peke yake ina zaidi ya 40. Mtu wa Washington anaendesha gari mwenyewe Jumamosi kwenda kumpelekea mkulima fedha, kisha anapitia Purcellville kula, kununua mboga na kutia mafuta. Mkulima pia hulipa kodi ya ardhi kwa thamani ya kilimo, si kwa bei ambayo dalali angempa.

Bila hayo, mji mkuu ungekwisha kuvimeza vilima. Wilaya ya Loudoun ilikuwa na watu 170,000 hivi mwaka 2000, na kufikia 2020 walipita 420,000. Upande wa mashariki, Ashburn, mashamba yamekuwa majengo makubwa yasiyo na madirisha yanayohifadhi kompyuta za intaneti ya dunia, na treni ya mjini ilifika huko Novemba 2022. Purcellville yenyewe ilikuwa na watu wasiofika 4,000 mwaka 2000. Kila mwaka mwenye shamba hupiga hesabu: nikiuza nitapata ngapi, nikilima nitapata ngapi? Palipo na mizabibu bado wako wanaojibu kwamba watalima.

Dodoma hesabu ni hiyo hiyo. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ulifanywa mwaka 1973, lakini uhamaji wenyewe ulishika kasi kuanzia 2016, na mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Barabara ya mzunguko wa nje, kilomita 112, imepita kwenye vijiji tuliovizoea kwa mtama na zabibu. Bei ya kiwanja imepanda. Bei ya zabibu humtegemea mnunuzi, na zabibu ikishaiva haingoji. Mdogo wangu analima eka mbili Mpunguzi. Msimu mmoja mnunuzi alibeba mzigo wote, akalipa baada ya miezi saba. Mwaka jana alinipigia simu: "Kaka, dalali amekuja. Anataka kupima viwanja. Wewe ndiye mkubwa, unasemaje?"

Na wanunuzi wa viwanja hivyo ni nani? Ni pamoja na sisi. Kwenye misiba, harusi na michango yetu hapa Maryland na Virginia, nusu ya mazungumzo ni kiwanja cha Dodoma. Si vibaya mtu kujenga kwao. Lakini tunapopokea picha ya kiwanja kwenye simu, tuulize kabla ya kutuma fedha: juu yake kulikuwa kumepandwa nini?

Nilimjibu mdogo wangu kwamba tusiuze kwa misimu miwili. Badala ya fedha za kuchimbia msingi nilimtumia za tangi. Wakulima wenzake watatu wakaongeza zao, wakaanza kukamua na kuhifadhi ule unaoitwa kwetu mchuzi wa zabibu, ambao hauozi kesho wala hauuzwi kwa machozi. Mavuno ya kwanza waliuza walipotaka wao, ingawa si kwa bei waliyoitamani. Sehemu nyingine wamekausha, na shemeji yangu anaziuza kama zabibu kavu kwenye mnada wa Msalato.

Dalali hajakata tamaa. Amerudi mara mbili, na bei yake imepanda kila mara. Msimu wa pili unavunwa Agosti, nasi tutakaa chini kupiga hesabu upya. Kama kuna wasomaji wenye jamaa wanaolima Hombolo, Mbabala au Bihawana, naomba tuwasiliane kupitia mhariri. Tangi moja halijazi soko, lakini matangi kumi mnunuzi atayasikia.