Buigiri na Picha za Mjerumani

Msafiri atokaye Dodoma kwenda Morogoro hupita Buigiri, Wilaya ya Chamwino, nchi ya Wagogo yenye mibuyu na vumbi jekundu. Kusini yake hupita Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914.

Enzi hizo mpigapicha Walther Dobbertin alizunguka koloni hili na kamera yake. Picha zake zimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Ujerumani mjini Koblenz, na tangu mwaka 2008 nyingi hutazamwa bure katika intaneti. Humo Mjerumani alijionyesha kama alivyotaka kujulikana: mjenzi, mwalimu, amiri. Hata baada ya kupoteza makoloni, mwaka 1932 Dobbertin alitoa kitabu cha kuwasifu wanajeshi wa Lettow-Vorbeck. Babu zetu humo mara nyingi ni “askari” au “wapagazi” tu, bila majina.

Buigiri inajulikana kwa shule yake ya wasioona. Mtoto asiyeona, akisimuliwa picha, hawezi kuridhika na sare na bunduki. Atataka kujua huyo ni nani, na ni mtoto wa nani. Sisi wenye macho tumetazama bila kuuliza.

Ndugu msomaji, wazee waliosikia majina hayo kwa baba zao wanapungua. Kaa nao, uandike jina, ukoo na kijiji. Picha zina watunzaji Koblenz. Majina hayana mtunzaji ila sisi.